Msiniletee Spana Inayong'aa

Juzi nilikuwa nimekaa kwa muuza kahawa pale Dunda, nikawa nawatazama vijana wa gereji wakichagua spana kwa mchuuzi aliyetandaza vyuma vyake kwenye turubai. Mmoja wao aliinua spana, akaigeuza juani, akajitazama sura humo, akajichana ndevu kwa kidole, kisha akailipia. Wenzake wakachukua za aina ileile. Kahawa yangu niliimwaga mchangani kwa hasira, nikaomba nyingine.

Sikusema neno pale, maana siku hizi mzee akifungua mdomo mtaani anaambiwa anazeeka vibaya. Basi nasema hapa. Mimi ni Mbwana, fundi magari. Umri wangu wote wa kazi nimeulalia chini ya malori na magari ya abiria ya ukanda huu wa Bagamoyo mpaka Saadani, na mgongo ndio ulionistaafisha. Ninayotaka kuwaambia, vijana wangu, yana mtu ndani yake. Mtu huyo ni Shabani, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, na mkono wake wa kulia umeharibika mwaka huu kwa sababu ya spana iliyochaguliwa namna ileile ya juzi, kwa kung'aa kwake.

Nitafika kwake. Kwanza nawaambia tulivyokuwa tukinunua spana sisi, kwa sababu naona hata habari zake hamjazisikia.

Ukitaka spana Bagamoyo hii ulikwenda kwa Mzee Kanji. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapahapa, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na duka lake la vyuma lilinuka grisi na ubani kwa pamoja. Kwenye ngazi ya mlangoni alikuwa amezika boliti za lori ndani ya saruji, za ukubwa mbalimbali, vichwa juu, zisizozunguka hata uzivute kwa ng'ombe. Desturi ya duka ilikuwa kwamba hakuna spana inayoondoka kabla ya kuvutwa kwenye boliti. Uwe fundi, uwe mke wa fundi uliyetumwa, unashuka ngazini, unainama, unavuta kwa nguvu zako zote na wapita njia wanakutazama. Niliwahi kumwona shehe mmoja aliyekuja kununua spana ya baiskeli, kanzu imepigwa pasi, amepanga miguu kama anayenyanyua gunia. Mzee Kanji alimsimamia mpaka mwisho.

Mara ya kwanza nilipelekwa na Fundi Kombo, aliyenifundisha kazi. Nikapewa ruhusa ya kuchagua. Nikaichagua iliyokuwa nzuri kuliko zote rafuni, nyeupe kama kijiko cha harusi. Kombo alitazama dari.

"Vuta," akasema Mzee Kanji.

Nikavuta. Boliti haikutikisika, ila mdomo wa spana ulipanuka taratibu, mbele ya macho yangu, mpaka ikateleza nami nikakaa chini barabarani. Watu walicheka. Mzee Kanji hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua, akaitupa kwenye debe lililokuwa nyuma ya mlango. Debe lile lilikuwa la wavuvi. Spana zote zilizoshindwa walipewa bure, wakazifunga kwenye nyavu zao ziwe chubwi za kuzizamisha. Hasara aliibeba yeye mwenye duka, na ndiyo maana hakununua tena kwa aliyemletea mzigo mbovu hata mara moja.

"Sasa chagua tena," akaniambia, "na safari hii usitumie macho peke yake."

Basi chagueni hivi. Msianze na mng'aro, anzeni na mdomo. Chukua nati mpya ya namba iliyoandikwa kwenye spana, uivike. Ikicheza kama jino bovu, irudishe. Spana nzuri inakaa kwenye nati bila kulazimishwa na bila kutikisika. Pitisha kidole ndani ya ringi, sehemu ile ya duara. Ukikuta vinundu na mikwaruzo, ujue imemiminwa kwenye kalibu kwa haraka, haijafuliwa wala kuchongwa. Tazama ile rangi ya fedha kwenye kona. Ikiwa imeanza kubabuka dukani, kwako itababuka kiganjani, na vipande vyake vinakata kuliko wembe.

Ringi zenyewe ziko za aina mbili, na wengi wenu mnanunua bila kujua mmenunua ipi. Iko yenye pembe nyingi ndani, ambayo ni rahisi kuivika mahali finyu, na iko yenye pembe sita tu. Kwa magari yetu haya yanayopigwa na upepo wa chumvi, nati iliyoshika kutu inataka pembe sita, kwa sababu inashikwa ubavu mzima na si ncha za kona. Mwenye pembe nyingi akiivuta nati ya namna hiyo anaila kona mpaka inakuwa duara, halafu anaanza kutukana gari.

Koleo lifumbe ulielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya meno yake, halitashika waya. Bisibisi usiisugue kwenye jiwe kuona kama ni ngumu, nimewaona mnafanya hivyo. Itazame ncha, iwe na kona kali na isiwe imezunguka. Nyundo uitazame mpini wake, nyuzi za mti zikimbie kwa urefu. Zikikatiza, siku moja kichwa kitaruka, na hakitachagua pa kwenda.

Na seti. Nani aliwaambia fundi anaanza na seti? Sanduku la plastiki, vipande vimepangwa kama peremende, nusu yake hutavigusa mpaka unakufa, na vile unavyovihitaji kila siku ndivyo vinavyovunjika wiki ya kwanza. Nunueni moja moja. Ununue ile kazi inayoidai leo, na uinunue nzuri. Mimi sanduku langu lilijaa kwa miaka, na kila chuma humo nilikijua kwa uzito hata nikiwa nimefumba macho. Jioni nilizipangusa spana zangu kwa kitambaa chenye mafuta, kwa sababu hewa ya hapa hailali, inakula chuma wakati wewe unakula daku. Zikawa nyeusi. Spana iliyotunzwa pwani ni nyeusi.

Sasa Shabani.

Kati ya wote niliowafundisha, yeye ndiye aliyekuwa na subira ya kusikiliza chuma. Mgongo uliponishinda, spana zangu zile nyeusi sikuziuza. Nilimpa yeye, mbele ya mafundi wenzake, na tukapiga dua. Akafungua gereji yake hapo Dunda, akaoa, mambo yakaenda.

Mwaka huu lori la samaki likitoka Saadani lilivunjika springi huko Mkange. Mwenye lori, Bwana Seif, mfanyabiashara wa samaki wakavu, akampigia simu Shabani. Shabani akapanda bodaboda na sanduku lake. Alifika, akalipandisha lori juu ya magogo, akaingia chini. Nati za kubana springi zilikuwa zimeshika kutu. Akazipiga brashi ya waya, akazipaka mafuta, akangoja, akavika ringi, akavuta. Kazi aliifanya sawasawa, hakuna alichokosea hapo. Ringi ilipasuka. Mkono ukaenda wote kwa nguvu zake zote kwenye ncha ya lile jani, bapa la chuma la springi, lililovunjika, na kano za vidole viwili zikakatika.

Nilimkuta hospitali mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Waliokuja kumjulia hali walisema maneno yaleyale. Ajali kazini. Bahati mbaya. Ndivyo alivyoandikiwa. Mimi ni Mwislamu na kadari naiamini. Lakini nilipopewa ile spana niishike, nikatazama pale ilipopasuka, damu ilinichemka. Ndani ilikuwa ya kijivu, chembechembe, inamong'onyoka kama mkate wa juzi. Kuna mtu aliyeyusha takataka akaimimina pale, akaipaka fedha juu, akaipiga chapa ya nchi ya mbali. Kuna mtu akaisafirisha, na mwingine akaiweka rafuni. Watu wote hao wamefanya kazi yao kwa hiari, halafu sisi tunasimama kando ya kitanda tunamsukumizia Mungu.

Niliifunga ile spana kwenye leso, nikaenda nayo mpaka dukani kwa Mzee Kanji. Mzee mwenyewe alishafariki. Duka analo binti yake, Hansa, niliyemjua tangu anatambaa kati ya ndoo za misumari.

"Shikamoo, Mzee Mbwana."

"Marahaba, mwanangu. Hii umeuza wewe?"

Nikaifungua leso juu ya meza. Akaitazama, na akaiona damu.

"Nimeuza mimi," akasema. Hakukwepa, na hapo nilimwona baba yake.

"Na boliti za baba yako ziko wapi?"

Maana nilipoingia niliona ngazi imevaa vigae vyeupe, inateleza, haina boliti hata moja.

"Ziko chini ya vigae, mzee. Fundi alizikata vichwa. Watu walikuwa wanajikwaa."

"Walikuwa wanajikwaa tangu wewe hujazaliwa, Hansa. Hakuna aliyekatika kano."

Aliinama kidogo, kisha akavuta kiti, akapanda, akatoa kwenye rafu ya juu kifurushi kilichoviringishwa kwa karatasi ya grisi. Vumbi lilimwangukia kichwani. Akakifungua mbele yangu. Zilikuwa spana nyeusi, nzito, nzuri, za kufuliwa, ambazo mikono yangu ilizitambua kabla ya macho.

"Hizi niliziagiza mwenyewe," akasema. "Zimekaa masika kwa masika. Fundi anakuja, anashika, ananiuliza, 'Zenye fedha hamna?' Nikimwambia hizi ndizo bora, ananiona nataka kumtwisha mali iliyolala. Mzee Mbwana, boliti sikuziondoa kwa ajili ya kujikwaa tu. Niliziondoa kwa sababu mafundi walikuwa hawataki tena kuvuta. Wanasema nawadhalilisha mbele ya watu. Shabani nilimwekea zote mbili, hapahapa. Nyeusi huku, nyeupe huku. Muulize mwenyewe alinijibu nini."

Ningeweza kumwambia kwamba baba yake asingeziweka nyeupe rafuni hata kwa kulazimishwa, na nilimwambia. Lakini nilitoka mle na hasira nzima, nisijue sasa niipeleke kwa nani.

Nikaipeleka kwa Shabani, ambaye alikuwa amesharudishwa nyumbani. Nilimkuta amekaa mkekani, mkono juu ya mto, mkewe anamlisha uji. Nikamuuliza alichomjibu Hansa.

"Nilimwambia nyeusi ninazo," akasema Shabani.

"Unazo. Mimi nilikupa. Kwa nini basi ulikwenda kununua takataka?"

Aligeuza uso, akakikwepa kijiko cha uji.

"Mwalimu, spana zako nilizitumia vizuri tu. Lakini kila nikifungua sanduku, mwenye gari ananiuliza kama nimeziokota baharini. Siku hizi mtu anatazama sanduku kabla hajatazama kazi. Bwana Seif huyuhuyu alilipiga picha sanduku langu, akairusha kwenye kundi lao la simu, la wenye magari ya samaki. Wakacheka wee. Baada ya hapo simu yangu haikuita. Nikanunua seti, nikaiweka wazi pale mbele ya gereji. Wakarudi."

"Na zangu ziko wapi?"

Mkewe aliweka bakuli chini, akainama, akavuta gunia kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa zito, akashindwa, nikamsaidia. Zilikuwa zote humo. Shabani alikuwa anaendelea kuzipangusa kwa mafuta, hiyo lazima niseme kwa haki yake. Na ya juu kabisa ilikuwa ringi ya namba ishirini na nne, pembe sita, ile ya pili niliyoivuta ngazini kwa Mzee Kanji, iliyoshinda, na alama ya M niliyoichonga kwa tupa bado iko ubavuni.

"Siku ile nilimwambia ondoka na hizi," mkewe akasema. "Akasema zinamtia aibu."

Nilimkasirikia Shabani. Mgonjwa, mkono umefungwa, na mimi nimesimama juu yake namfokea kwamba aibu haina uzito wa nusu nati. Mkewe akalia. Shabani aliinamisha macho kwenye mkono wake uliofungwa, na hilo ndilo lililonikalisha chini. Nilikumbuka kwamba mimi katika ujana wangu sikuwahi kuchagua kati ya spana nzuri na kula. Mafundi wa wakati wangu tulichekwa kwa kuvuta spana mbovu. Yeye alichekwa kwa kuwa na nzuri.

Simu ya Bwana Seif ilinikuta palepale. Lori lake lilikuwa bado Mkange juu ya magogo, mafundi wawili walishaitazama ile damu wakaaga. Aliniomba, kwa heshima zote, nimtafutie mtu.

"Nitakuja mwenyewe," nikamwambia.

"Mzee, vifaa unavyo?"

"Ninavyo."

Shabani akasema anakwenda. Mkewe akakataa, mimi nikakataa. Akasema, "Nataka nione," akavaa viatu kwa mkono mmoja. Tukachukuliwa na Bwana Seif kwa gari lake dogo. Alipoliona gunia alifungua mdomo kusema kitu, akaiona bandeji ya Shabani, akaufunga. Njia nzima mpaka Mkange alizungumzia mvua.

Niliingia chini ya lori kwa taabu, kwa sababu mgongo huu haukunjiki tena. Shabani alichutama kando ya gurudumu, mahali anapoweza kuona. Jani la springi lilikuwa na damu kavu. Niliipiga nati brashi, ingawa alishaipiga. Nikapaka mafuta, ingawa alishapaka. Nikangoja. Kisha nikavika ile ringi yangu, ikakaa imara, haichezi. Nikavuta kwa mkono mmoja, kuijaribu tu, bado sijajipanga.

Nati ikalia kidogo, ikaachia.

Mtasema mafuta yalikuwa yameshaingia siku zile. Inawezekana. Lakini za upande wa pili, ambazo Shabani hakuwa amezigusa, nazo zilitoka, kwa jasho la kawaida la kazi. Hakuna nati iliyonipa shida ya kusimulia.

Sikufurahi, vijana. Nawaambieni kweli tupu, nililala pale chini ya lori nikatamani ile nati igome. Nilitamani inishinde na mimi, inichubue, inilaze hapo mpaka adhuhuri, ili mkono wa mwanafunzi wangu uwe umeharibika kwa jambo lililokuwa zito. Haikuwa nzito. Ilitoka kama mfuniko wa chupa.

"Imeachia?" Shabani akauliza.

"Imeachia."

"Kwa mkono mmoja?"

Alikuwa ameona. Alikaa chini mchangani, akaukumbatia mkono wake kifuani. Bwana Seif, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, aliondoka akaenda upande mwingine wa lori, na hakurudi mpaka nilipomwita anisogezee jani jipya la springi.

Nilipomsimulia Hansa, alinisikiliza mpaka mwisho, akamtuma mtu kumwita fundi saruji. Vigae vya ngazi vimebomolewa. Boliti ziko tena mlangoni, mpya, vichwa juu, na watu wameshaanza kujikwaa na kunung'unika. Debe la wavuvi nalo limerudi nyuma ya mlango. Spana nyeusi ziko rafu ya chini, mahali mkono unapofika. Nyeupe bado anazo, anasema atazimaliza tu zilizobaki. Nimemwambia azimalizie debeni, na ugomvi huo hatujaumaliza.

Wewe kijana wa juzi, uliyechana ndevu kwenye spana, gereji ya Shabani iko hapohapo Dunda, hatua chache kutoka kwenye lile turubai. Anafanya kazi pole pole siku hizi, na sanduku lake analiacha wazi, jeusi tii, acheke anayetaka. Mpitie. Mpe salamu, na umpe mkono wa kulia, usione haya. Vidole vyake viwili havitakushika, vitabaki vimenyooka ndani ya kiganja chako. Ukishaisikia salamu hiyo, chukua spana yako nenda nayo ngazini kwa Hansa, uinamie boliti, uvute.